Nukta Nyekundu za Mjomba Kiberiti

Tarehe 6 Mei

Kwa Mjomba Kiberiti,

Shikamoo, na shikamoo ya pili ni ya mkazamjomba. Huku tunapumua. Goti la Mama limetulia, ila amejifunza kulisingizia kila akitakiwa kupanda ngazi za kwangu, nami nakaa ghorofa ya nne. Anasema dada mtu hawezi kila siku kumtafuta mdogo wake kwa barua, kwa hiyo anakusalimu kwa mkono wangu na anauliza kama lile koti alilokushonea linakutosha. Nakusihi useme linakutosha.

Sasa Mjomba, kama umesimama, keti.

Utapata barua rasmi kutoka ofisini kwetu, pengine imo kwenye boza hilihili la maji lililokuletea hii. Isikushtue. Kazi yetu unaijua: setilaiti inapita juu, ikiona moto kwenye mbuga inaweka nukta nyekundu kwenye ramani, na sisi tunazigeuza nukta kuwa tani za gesi zinazoipasha dunia joto. Mwaka jana eneo la kituo chako lilipata nukta mia mbili na kumi na nne. Hakuna eneo lingine lililofika mia. Kwenye jedwali wewe ni wa kwanza kwa moshi, Mjomba, na wa pili yuko mbali hata kisogo chako hakioni.

Kamati itakaa tarehe 26 Septemba. Eneo litakaloshika nafasi ya kwanza, kikosi chake cha moto kitavunjwa, kwa hoja kwamba walinzi ndio wachomaji. Yaani wewe na wenzako watano, nawe umebakiza mwaka mmoja na nusu ustaafu. Jedwali limetengenezwa na wenzangu, mimi nimeliona tu mezani. Nakuomba jambo moja: acha kuchoma kwa sasa. Hata kama ni takataka.

Mpwa wako,
Karani


Tarehe 17 Mei

Karani wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kuku wa mkazamjomba wako wamefika kumi na saba na wote amewapa vyeo vya serikali. Juzi kanituma nikamtoe Katibu Mkuu chini ya kitanda. Mwambie dada yangu koti linanitosha, hasa upande wa kushoto.

Barua rasmi imefika siku moja na yako. Jedwali lililokuwamo ndani yake nimelisoma mstari kwa mstari, mpaka chini kabisa. Limepangwa vizuri, siwezi kusema uongo. Mwandishi wake ana mkono safi, na hajawahi kushika reki maishani mwake.

Mweleze hivi huyo mtu wa jedwali. Sisi tunaanza kuchoma mvua ikikatika tu, nyasi zikiwa nusu kijani nusu kahawia. Moto wa wakati huo unatembea kama mbuzi mgonjwa: hatua mbili, anasimama, anafikiri. Jioni umande ukianguka, unalala wenyewe. Leo tunachoma kipande hapa, kesho kule, mbuga inabaki na viraka. Ukifika Septemba, moto wenyewe ukija, ule wa nyasi kavu na upepo, unakuta kiraka, unakosa chakula, unakufa. Kila kiraka ni nukta. Kwa hiyo nukta ni zangu kweli, na kama setilaiti yenu haikupepesa jicho zingefika mia tatu. Ng'ambo ya korongo hawana kikosi, hawachomi mapema, walipata nukta arobaini tu. Moto wao uliwaka siku nane na moshi wake ukatuzibia jua. Kwenye jedwali wao ni watu wema.

Kuniambia niache kuchoma mwezi wa tano ni kumwambia kinyozi asubiri mpaka nywele zifike magotini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku hatuna matofali. Nitaendelea.

Sasa niambie, nani huyo aliyelitengeneza? Sina ugomvi naye. Nataka kujua tu kama ni mtu wa kuelezwa akaelewa. Wewe ulikuwa hivyo tangu darasa la nne, ulipokuwa ukija likizo na kutia sahihi kila kitu nyumbani kwangu, hata mayai, ndipo tukakuita Karani. Nisalimie mtu huyo.

Barua rasmi inauliza pia kwa nini bango la MARUFUKU KUWASHA MOTO halionekani kwenye picha ya kituo. Wajibu kwamba bango liko kwenye matengenezo.

Mjomba wako


Tarehe 29 Mei

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Mama amefurahi kuhusu koti, na sasa anakushonea suruali. Mimi nilikasirishwa na lile neno "nitaendelea", kisha nikaichukua barua yako nikaenda nayo kazini, nikaisoma pembeni ya jedwali.

Mjomba, umesema kweli. Jedwali lina ugonjwa. Kila nukta imehesabiwa kana kwamba nyasi zote zilikuwa kavu kama za Septemba na zote ziliungua mpaka mzizi. Moto wako wa mbuzi mgonjwa umepewa uzito sawa na ule wa siku nane. Ni kweli nyasi mbichi zikiungua, kila kilo hutoa moshi mchafu zaidi, hilo usibishe kwa sababu tumelipima. Lakini kilo zenyewe zikiwa chache, jumla inashuka sana. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kupima kilo hizo kwenye mbuga yako, na kamati haitaamini mbuzi.

Kwa hiyo pima wewe. Chukua viwanja kumi, kila kimoja mita mbili kwa mbili. Kata nyasi, pima, choma, pima kilichobaki. Andika tarehe na saa. Viwanja vingine viache vikauke mpaka Septemba, uvichome na kuvipima vilevile, tulinganishe.

Kuhusu aliyetengeneza jedwali, ofisi yetu ni kubwa na watu wanaingia na kutoka.

Jambo la mwisho. Nimefungua picha za mwaka huu. Tarehe 24 Aprili, saa nane mchana, kuna nukta moja katikati ya uwanja wa kituo. Mjomba, mimi nimekulia likizo hapo. Pale pana choo.

Mpwa wako,
Karani


Tarehe 21 Juni

Karani,

Salamu zako zimepokelewa, suruali nimeiombea dua isifike haraka. Kuku wamebaki kumi na sita, Katibu Mkuu alijiuzulu kwa mwewe. Mkazamjomba wako alilia kidogo, akampandisha cheo mwingine.

Vipimo nimevifunga ndani ya bahasha hii. Siku ya kwanza tulifanya kama ulivyoandika, na kosa ni la maandishi yako. Uliandika: kata, pima, choma. Tukakata kiwanja cha kwanza, tukapima, kilo moja na robo tatu. Haya, tuchome. Lakini nyasi zilizolala haziungui sawa na zilizosimama, na sisi ni watu wa kazi, hatuwezi kukupa kipimo cha uongo. Basi kikosi kizima, watu sita wenye mvi, tulipiga magoti tukaanza kuzipanda upya bua kwa bua ili zisimame kama mwanzo. Tulipanda tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Mkazamjomba wako alituletea chai, akatutazama kwa muda mrefu, akauliza ni kitu gani hicho. Nikamweleza. Akasema, "Si mkate hiki, halafu mchome cha jirani yake?" Kisha akaondoka na chai yake.

Tangu hapo kazi ikaenda. Tunatandika shuka lake la maua, tunamimina nyasi, tunafunga, tunatundika kwenye mizani. Mizani ni ya muuza nyama, aliyekubali kwa sharti kwamba apime mwenyewe, na kwa mazoea ya miaka mingi alikuwa akibonyeza kwa kidole gumba. Tulimfumania kiwanja cha tatu, tukarudia vyote. Kiwanja cha saba kilikatwa vizuri, lakini cha jirani yake kililiwa na ng'ombe kabla hatujawasha. Nimeandika hivyohivyo kwenye karatasi: kimeliwa.

Utaona mwenyewe kwamba moto wetu ulikula chini ya nusu. Vilivyobaki ni mashina mabichi, tumeyapima yote. Viwanja vitatu na jirani zake nimevizungushia ukanda uliofyekwa, vinangoja Septemba, na mzee mmoja wa kikosi anavilinda dhidi ya ng'ombe yule, ambaye ameonja sayansi na hatoki.

Mwambie mtu wa jedwali asiwe na wasiwasi. Kukosea hesabu si dhambi. Asilale na njaa kwa ajili ya nyasi za watu.

Kuhusu nukta ya katikati ya uwanja, mkazamjomba wako anakusalimu sana.

Mjomba wako


Tarehe 25 Julai

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya Juni imefika jana. Bahasha ina alama ya tairi la boza kutoka pembe hadi pembe, lakini tarakimu zote zinasomeka. Nilicheka kuhusu kupanda nyasi mpaka jirani wa ghorofa ya tatu akagonga dari yake kwa ufagio, kisha nikakaa kitako nikaona aibu. Watu sita wazima wamepiga magoti juani kwa sababu sentensi yangu ilikuwa mbovu.

Nilimpelekea mkuu wa kitengo. Ni mtu anayesoma karatasi kwa kuishika mbali, kana kwamba itamng'ata. Alisoma, akauliza mizani ni ya aina gani. Nikasema ya muuza nyama. Akauliza ilithibitishwa lini. Nikasema ilithibitishwa na kidole gumba, lakini kidole kiliondolewa. Hakucheka. Akasema vipimo vya msimu mmoja havitoshi. Bila vya Septemba jedwali litaingia kwenye kamati kama lilivyo, na kikosi kitavunjwa. Vinifikie kabla ya tarehe 20. Boza likiharibika hata kwa wiki moja, tumekwisha.

Mtu wa jedwali amepata salamu zako. Sijui niseme nini zaidi juu yake. Yupo, anakuja kazini, kazi yake anaipenda na anaogopa kuipoteza. Mama analalamika kwamba simalizi chakula, ila usimsikilize, ni joto tu.

Na nukta ya tarehe 24 Aprili bado ipo, Mjomba. Inanitazama kila nikifungua ramani.

Mpwa wako,
Karani


Tarehe 15 Septemba

Karani,

Leo salamu ni fupi kwa sababu dereva wa boza amewasha injini na nimemwambia akiondoka bila barua hii atajua kwa nini naitwa Kiberiti. Tuko wazima wote, hata kuku.

Tarehe 9 tulichoma viwanja vya Septemba. Kila kimoja kilikuwa na kilo moja na nusu za nyasi kavu. Tulipokusanya kilichobaki na kukitundika kwenye shuka, mshale wa mizani ya muuza nyama ulibaki palepale. Hata kidole gumba hakikuwa na cha kubonyeza. Nimeandika: hakuna kitu.

Tarehe 11 ukaja moto wenyewe. Ulitokea ng'ambo ya korongo saa tano asubuhi, upepo nyuma yake, mrefu kuliko nyumba ya kituo. Karani, niliogopa. Miaka thelathini na moja nafanya kazi hii, na bado niligeuka kutazama nyuma. Nyuma yetu kulikuwa na shule na watoto ndani yake. Ukaruka korongo, ukaingia kwenye mbuga yetu, ukakuta kiraka cha Mei, ukageuka. Ukakuta kiraka cha Juni. Ukahangaika huku na huku hivyo mpaka alasiri, kisha ukafifia, na sisi sita tukabaki na reki mkononi kama wageni waliofika harusini wakaambiwa imeahirishwa. Shule haikupata hata moshi wa kumtosha mwalimu kufunga mapema. Muuza nyama alilia. Na mimi nililia, lakini mimi nilikuwa na kisingizio cha moshi.

Sasa choo. Nimetafakari juzi na jana na sioni njia ya kupita pembeni. Tarehe 24 Aprili nilikuwa nachoma kando ya uzio kama kila mwaka. Moto ulikuwa mpole, nikaupa mgongo, nikaingia ndani kunywa chai kikombe kimoja. Vilikuwa viwili. Choo kilikuwa cha miti na nyasi. Mlango wake wa zamani uliliwa na mchwa mwaka juzi, na lile bango lilikuwa mbao nzuri, upana uleule. Ndiyo. Liliungua likiwa na maandishi yake. Mkazamjomba wako alikuwa ametoka humo dakika mbili kabla, na tangu siku ile kila ugomvi wetu unaanzia kwenye dakika hizo mbili.

Usiitafutie kisingizio nukta hiyo. Nyingine zote ni kazi, hiyo moja ni uzembe. Iandike ilivyo, na useme ni ya nani. Nilinyamaza miezi mitano kwa kuogopa kuchekwa, na kunyamaza kumenichosha kuliko kuchimba choo kipya.

Dereva anapiga honi.

Mjomba wako


Tarehe 29 Septemba

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Barua ilifika tarehe 19, ikinuka dizeli. Kwanza upate la maana: kikosi hakivunjwi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Nilipanga jedwali upya, kila nukta kwa uzito wa msimu wake. Mkuu wa kitengo akalishika mbali, akalisoma, akalisogeza karibu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kwenye kamati akalisoma mwenyewe. Eneo lako limeshuka kutoka la kwanza mpaka la kumi na tisa kati ya ishirini na tatu. La kwanza sasa ni ng'ambo ya korongo. Wao hawana kikosi cha kuvunjwa, kwa hiyo kamati imeamua waundiwe, na wewe ndiye utakayewafundisha kutembeza mbuzi mgonjwa. Nukta ya tarehe 24 Aprili nimeiingiza kwenye jedwali la mwaka huu: choo kimoja, kimeungua chote, mhusika amekiri. Mjumbe mmoja aliomba choo kiondolewe kwa sababu si nyasi. Nikamwambia kilikuwa cha nyasi.

Kisha mwenyekiti akauliza swali nililokuwa nikiliogopa tangu Mei. Nani aliyezipa nukta zote uzito wa Septemba? Mkuu wa kitengo akatazama dari, kwa sababu ni mtu mwema kuliko anavyoonekana. Barua yako ilikuwa mkobani mwangu. Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi. Jedwali ni langu na kosa ni langu, na aliyelisahihisha ni mjomba wangu, kwa mizani ya muuza nyama."

Hakuna wenzangu, Mjomba. Hakuna watu wanaoingia na kutoka. Nililitengeneza peke yangu mwezi wa Machi, na nililipenda sana, na nilipoona jina la kituo chako juu kabisa nilidhani wewe ndiye mwenye makosa kabla sijadhani ni mimi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nimekudanganya barua tatu mfululizo huku ukimtumia salamu mtu wa jedwali na kumwambia ale. Naona aibu. Nisamehe.

Sijafukuzwa. Mkuu wa kitengo amesema kwa kuwa nimependa sana kupima nyasi, nitoke ofisini nikapime za nchi nzima, nianzie kwako. Nitafika na boza la tarehe 30 Oktoba. Kama hutaki kuniona, mwambie dereva, nitaelewa. Suruali ya Mama ninayo. Mguu mmoja ni mrefu.

Mpwa wako,
Karani


Tarehe 14 Oktoba

Karani wangu,

Marahaba, mara tatu, moja kwa kila barua ya uongo. Sote wazima. Barua yako niliwasomea kikosi kwa sauti. Walipiga makofi, na muuza nyama akaomba nirudie ile sehemu ya mizani yake kutajwa mbele ya kamati. Nimeirudia mara nne, na jana alikuja tena.

Nilijua, mwanangu. Nilijua tarehe 17 Mei, kabla chai haijapoa. Nilikuambia nimelisoma jedwali mpaka chini kabisa. Chini kabisa kuna sahihi, na sahihi ile ina mkia unaorudi nyuma na kupiga fundo mara mbili. Kuna mtu mmoja tu duniani mwenye mkia huo. Alijifunza kuuandika kwa mkaa kwenye mlango wa stoo yangu, likizo ya darasa la nne, mara themanini na sita, na mkazamjomba wako alipotaka kuusugua nikamzuia.

Ningeweza kukuambia siku hiyohiyo. Lakini ungeomba radhi, ningekubali, na jedwali lingebaki bovu. Nikaona afadhali nikupe nyasi, hesabu ukafanye mwenyewe. Na pia, nisiseme uongo, nilikuwa na choo changu cha kuficha. Tulikuwa wawili, kila mtu na nukta yake. Moyo uliniuma nilipoambiwa humalizi chakula. Hapo ndipo nilipokaribia kusema.

Choo kipya kimekamilika, cha matofali, hakiungui. Fundi alitafuta mlango kote akakosa, akasema mlango wa stoo unatosha kabisa, kipimo kilekile, auhamishe kwa saa moja. Nikamwambia huo haung'oki. Mkazamjomba wako amenipinga siku tano, na bado uko stooni na sahihi zake zote.

Kwa hiyo choo kina pazia, lile shuka la maua tulilopimia nyasi. Ukija, kohoa kabla ya kuingia.

Mjomba wako